"Mtu" wa kwenye sheria ni nani?

Kila unapozuka mjadala wa lugha isiyobagua jinsia katika nyaraka za serikali, wapenzi wa Kiswahili huwa na jibu tayari: hayo ni matatizo ya Waingereza na Wafaransa. Wao ndio wenye kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Kwetu sisi, atakayevunja sheria atashtakiwa, na hiyo "a-" ya mwanzo haiulizi aliyevunja ni wa jinsia gani. Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu. Sarufi ya Kiswahili imempa mwandishi wa sheria uwezo ambao lugha nyingi za mahakamani hazina, lakini haimwamulii lini ataje jinsia na lini aiache. Uamuzi huo ni wake, na akiukwepa, mazoea ya jamii humwamulia. Msimamo wangu ni kwamba jinsia isitajwe pale ambapo haibadilishi haki wala wajibu wa mtu, na pale inapobadilisha itajwe waziwazi, kwa maneno ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo hatayatilia shaka.

Jambo hili haliwezi kuendelea kusubiri. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyogusa kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo waandishi na wafasiri wamebeba kazi ya kuhamishia kwenye Kiswahili mamia ya sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, baadhi zikiwa zimetungwa enzi za mkoloni. Kenya nayo, kwa Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, imekiweka Kiswahili bega kwa bega na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Maneno yanayochaguliwa sasa yatanukuliwa na mahakimu, mawakili na watendaji wa vijiji kwa miaka mingi. Kosa likishaingia kwenye kitabu cha sheria halitoki kirahisi.

Nianze na akiba tuliyo nayo, kwa sababu ni kubwa. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikuhitaji kubadilishwa hata herufi moja. Ibara ya 37(5) ilikwisha kusema kwamba kiti cha Rais kikiwa wazi kwa sababu ya kifo, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda uliobaki. Tafsiri ya Kiingereza ya Katiba hiyohiyo, inapotaja sifa za mgombea urais, inatumia kiwakilishi cha kiume. Mwenyekiti, karani, hakimu, diwani, mbunge, waziri, mtendaji wa kata: vyeo vyote hivi vinamkaa yeyote. Waingereza walihangaika miaka mingi kutafuta jina la mwenyekiti lisilo na mwanamume ndani yake, na sisi tulikuwa nalo siku zote.

Ndiyo maana nasikitika ninaposoma rasimu ya sheria ndogo iliyoandikwa "mwombaji (mwanamume au mwanamke) atawasilisha maombi yake kwa mkurugenzi." Mwandishi amefikiri kwa Kiingereza na kuleta dawa ya ugonjwa ambao sentensi yake haikuwa nao. Tena si dawa isiyo na madhara. Kifungu cha tano kikiwa na mabano hayo na cha sita kikawa hakina, wakili hodari atauliza kwa nini, na mahakama huanza kwa kudhani kwamba mtunga sheria hakuweka wala kuacha neno bila sababu. Kifungu cha sita, kilichokuwa kinamhusu kila mtu, sasa kina shaka.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye hili: neno lisilo na jinsia halikai tupu, msomaji hulijaza kwa yale aliyozoea kuyaona. Historia ya sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo shina la sheria zetu, inalionyesha vizuri kuliko mfano wowote wa kubuni. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga kanuni kwamba maneno ya jinsia ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwa yanawajumuisha wanawake, isipokuwa sheria yenyewe iseme vinginevyo. Mwaka 1867, sheria mpya ya uchaguzi ikijadiliwa, mbunge John Stuart Mill alipendekeza neno "mwanamume" liondolewe na mahali pake liwekwe "mtu". Hoja yake ilishindwa kwa kura 196 dhidi ya 73. Mwaka uliofuata maelfu ya wanawake wa Manchester walidai waandikishwe kuwa wapigakura, wakiegemea kanuni ile ya 1850: kama mwanamume humjumuisha mwanamke, basi na sisi tumo. Katika kesi ya Chorlton dhidi ya Lings mahakama iliwakatalia. Kanuni iliyowajumuisha wanawake katika wajibu wa sheria haikuwajumuisha katika kura.

Huenda mtu akadhani kwamba Mill angeshinda mambo yangekwisha. Kanada inaonyesha kwamba yasingekwisha. Sheria ya mwaka huohuo wa 1867 iliyounda taifa hilo ilitumia neno alilolitaka Mill: kifungu cha 24 kilisema wateuliwe kuingia Seneti "watu" wenye sifa. Hapakuwa na mwanamume aliyetajwa. Hata hivyo mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba wanawake hawamo katika watu hao, kwa kuwa sheria ilipotungwa hakuna aliyefikiria mwanamke kushika wadhifa wa umma. Emily Murphy na wenzake wanne wa Alberta walikata rufaa hadi London, na tarehe 18 Oktoba 1929 Lord Sankey akatoa hukumu kwamba "watu" maana yake ni watu, wanaume na wanawake. Neno lilikuwa safi tangu siku ya kwanza, na bado lilichukua miaka 62 kufika kwa nusu ya waliostahili.

Yaliyotokea Kanada yanatokea kwetu kila siku, kwa maneno madogo madogo yasiyofika mahakama ya juu. Chukua neno "mzee". Kisarufi halina jinsia. Lakini sheria ndogo ikisema "mpaka wa shamba utathibitishwa mbele ya wazee watatu wa kijiji," nani huitwa? Wanaitwa wanaume watatu, na bibi aliyelima kando ya mpaka huo miaka arobaini, anayejua mti upi ulikatwa na jiwe lipi lilisogezwa, hubaki nyumbani. Hakuna aliyemkataza. Neno limejazwa na mazoea. Kifungu kingeandikwa "watu watatu wenye umri usiopungua miaka hamsini wanaoujua mpaka huo," kingetaja sifa inayotakiwa hasa, yaani umri na ujuzi, na mazoea yasingepata pa kuingilia. Hali ni hiyohiyo kwa "mkuu wa kaya", "wananchi na familia zao" na "mwakilishi wa ukoo". Silaumu maneno haya kwa asili yake. Nasema hayafai kubeba haki ya mtu bila kuelezwa.

Katiba za vikundi vya kuweka na kukopa ni shule nzuri ya jambo hili, maana huandikwa na watu wenyewe, kwa Kiswahili tangu mwanzo. Niliwahi kuletewa moja niipitie, ya kikundi ambacho wanachama wake wengi ni wanawake, na ndani yake mlikuwa na kifungu hiki: "Mwanachama akifariki, mke wake na watoto watapewa mkono wa pole wa shilingi laki tano." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kifungu kilikuwa kimenakiliwa kutoka katiba ya kikundi kingine. Lakini kwa maneno hayo mume wa mwanachama hana chake, na marehemu alikuwa akilipa hisa kila wiki kama wenzake. Tulipokaa kurekebisha, pendekezo la kwanza lilikuwa "mwenza wake". Nililipinga, na naendelea kulipinga katika sheria. Kwa masikio ya watu wengi mwenza ni mke mwenza, na katika nchi ambayo sheria ya ndoa inaruhusu ndoa ya wake wengi utata huo utakuja kuleta kesi siku ya kugawana fedha. "Mwenzi wa ndoa" ni salama zaidi, na kama wapo zaidi ya mmoja kifungu kiseme watagawanaje.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi, nalo ni la kupoteza jinsia pale ilipohitajika. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinampa mfanyakazi aliyejifungua likizo yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Kifungu cha 34 kinampa baba siku zisizopungua tatu. Katika Kiingereza cha sheria hiyo, kiwakilishi cha kike ndicho kinachomwonyesha msomaji wa kifungu cha 33 kwamba mfanyakazi anayezungumzwa ni mama. Kikihamishiwa kwenye Kiswahili, kiwakilishi hicho kinayeyuka na kuwa "a-" na "-ake". Sasa soma mwongozo wa kazi ulioandikwa: "Mfanyakazi atastahili likizo ya uzazi ya siku 84." Baba aliyepata mtoto jana ni mfanyakazi, na likizo anayoiomba maofisini huitwa likizo ya uzazi vilevile. Kutumbukiza "wa kike" ni nusu ya dawa. Kilicho sahihi ni kutaja tukio linalozaa haki: "mfanyakazi aliyejifungua au anayetarajia kujifungua." Hapo mtu hahitaji kubishana, cheti cha kliniki kinatosha.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika sheria za familia. Tazama sentensi hii: "Mume akimpa mke talaka kabla ya mali kugawanywa, ataendelea kukaa katika nyumba ya ndoa hadi shauri liishe." Nani atakaa? Lugha yenye viwakilishi viwili ingelimaliza suala hilo kwa neno moja. Kiswahili kinahitaji nomino irudiwe: "mke ataendelea kukaa." Waandishi wengi huogopa kurudia nomino kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba kurudia ni uandishi mbaya. Katika insha ni kweli, lakini katika sheria kurudia ni uaminifu kwa msomaji. Mtu anayeondolewa nyumbani kwa tafsiri ya "a-" hana faida na ufasaha wa sentensi iliyomwondoa.

Wapo wanaosema hayo yote yanatibiwa na kanuni ya tafsiri tuliyorithi, kwamba maneno ya jinsia ya kiume yanajumuisha ya kike. Nimekwisha kuonyesha jinsi kanuni hiyo ilivyowasaliti wanawake wa Manchester. Kwa Kiswahili ina ubaya mwingine. Katika Kiingereza kazi yake kubwa ilikuwa kukiokoa kiwakilishi cha kiume kilichotapakaa kila ukurasa. Kiswahili hakina kiwakilishi hicho, kwa hiyo maneno ya kiume yanayobaki kwenye sheria ni machache: mwanamume, mume, baba, mvulana. Haya yanapotajwa katika sheria ya Kiswahili, karibu kila mara yametajwa kwa makusudi. Ukiyatumia kwa kanuni ile, "baba" atajumuisha "mama" na siku tatu za likizo zitadaiwa na asiyehusika. Kanuni iliyokuwa kiraka kwa Kiingereza kwetu inatoboa nguo nzima. Napendekeza sheria zitakazotungwa kwa Kiswahili ziweke kanuni yake ya kinyume: neno linalotaja jinsia litahesabiwa kuwa limetajwa kwa kusudi, na neno lisiloitaja litahesabiwa kuwa linamhusu kila mtu. Sehemu hiyo ya pili ingeyafunga mapema malumbano ya aina ya Kanada.

Hoja ya kwamba lugha isiyobagua ni mzigo wa wafadhili sina haja ya kuikalia sana. Kilicholetwa na meli ni kiwakilishi cha kiume cha sheria za kikoloni. Babu zetu waliozungumza lugha hii hawakukijua.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaoamini kwamba kuficha jinsia kila mahali ndiyo haki yenyewe. Sikubaliani nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji litakuwa na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Ifanye isitaje jinsia, useme tu "watu saba wenye busara," na utarudi kwa wazee wetu watatu wa mpakani, ila sasa watakuwa saba. Kenya ilichagua njia nyingine katika Ibara ya 27(8): wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi theluthi mbili kwa jinsia moja. Ni uandishi wa hali ya juu, kwa kuwa unamlinda mwanamke leo na utamlinda mwanamume siku mambo yakigeuka. Lakini haukusema Bunge litatimizaje hesabu hiyo, na hadi Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza, kanuni hiyo ilikuwa bado haijatimizwa. Namba ya Tanzania ya watatu kati ya saba inakosa umaridadi huo, ila mtendaji wa kijiji anaielewa na anaweza kuihesabu.

Majina ya nafasi nayo yanastahili macho. Ibara ya 97 ya Katiba ya Kenya imeweka wabunge wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapigakura wote waliosajiliwa wa kaunti yake. Kwenye vyombo vya habari amekuwa "mwakilishi wa wanawake", na jina hilo limempokonya nusu ya watu wake. Mwanamume wa Kilifi mwenye shida ya maji haoni kama huyo ni mbunge wake, ingawa alimpigia kura. Sharti la jinsia linahusu anayegombea, halihusu anaowatumikia. "Mbunge wa kaunti" lingetosha kuwa jina la kiti, na sharti la kwamba awe mwanamke likabaki kwenye kifungu cha sifa. Tanzania imekosea kwa kwenda upande wa pili. Katiba inataka wabunge wanawake wasiopungua asilimia 30, lakini jina la kila siku, "viti maalum", halisemi ni maalum kwa nani wala kwa nini, na utupu huo umejazwa na dhana kwamba wenye viti hivyo wamepewa hisani.

Tena kuna ubaguzi ambao uandishi hauwezi kuuponya. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, imeweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 na wa kuolewa kuwa 15. Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, zilikataa tofauti hiyo na kuagiza sheria irekebishwe. Zilipata pa kushika kwa sababu tofauti ilikuwa imeandikwa waziwazi. Vivyo hivyo Jaji Mwalusanya mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory huko Mwanza: kanuni ya mila ya Wahaya ilimtaja mwanamke kwa jina kwamba hawezi kuuza ardhi ya ukoo, na jaji aliiweka mbele ya Katiba akaona haisimami. Ubaguzi ulioandikwa unaweza kushtakiwa. Uliojificha ndani ya "mzee" au "mkuu wa kaya" hauna kifungu cha kupeleka mahakamani.

Kwa mwandishi wa sheria nina kipimo kimoja ninachokitumia na kukifundisha. Kila kifungu kisomwe mara mbili, kwanza ukimweka Asha mahali pa mhusika, kisha Juma. Haki ikibaki ileile na maneno yakakubali, kifungu kiko sawa. Maneno yakigoma kwa mmoja wao, uliza kama kuna sababu ya sheria kutaka hivyo. Kama ipo, iandike kwa kutaja tukio au sifa yenyewe, na kama haipo, badilisha neno. Kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 130 kinasema ni kosa kwa mwanamume kumbaka msichana au mwanamke. Weka Juma mwenye miaka kumi na mbili mahali pa aliyetendewa, na kifungu hakimwoni; atatafutiwa kosa lenye jina lingine. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya 2006 ilianza na "mtu" kwa mtendaji na "mtu" kwa mtendewa, na ikaeleza kitendo chenyewe.

Kwa mfasiri kipimo ni tofauti, na hapa ndipo nina hofu zaidi. Mfasiri hana mamlaka ya kurekebisha sheria, hata ile inayomchoma moyo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia wa Tanzania ya 1995 kinamfungulia mlango wa uraia mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia. Mume wa kigeni wa raia mwanamke hakutajwa. Mfasiri mwenye nia njema anaweza kuandika "mwenzi wa ndoa wa raia" na kulala akijua ametenda haki. Atakuwa amechapisha sheria ambayo Bunge halikuipitisha, na mwanamume atakayeibeba hadi dirisha la uhamiaji atarudishwa huku ameshikilia karatasi ya serikali. Aandike "mwanamke aliyeolewa na raia", kama ilivyo, kisha kifungu hicho kiingie kwenye orodha inayopelekwa kwa Mwandishi Mkuu wa Sheria na kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, kikiwa na maandishi mbadala tayari pembeni. Kenya ilikuwa na kifungu cha aina hiyohiyo katika Katiba yake ya zamani. Mwaka 2010, kwa Ibara ya 15, palipokuwa na mwanamke pakawekwa "mtu" aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba, na tangu hapo mume na mke wa kigeni hujaza fomu moja.